Kumwomboleza Jessye Norman mjini Kisumu: uchambuzi wa hafla moja ya kumbukumbu

Majina ya wahusika, kanisa na kikundi yameondolewa. Tarehe za matukio ya hadharani zimeachwa kama zilivyo.

Usuli

Kikundi kinachozungumziwa hapa kina watu arobaini hivi wa Kisumu na viunga vyake, pamoja na wachache wa Vihiga na Siaya. Karibu wote ni waimbaji au walimu wa kwaya: Waanglikana, Wakatoliki na Waadventista. Muziki wa klasiki waliupata kwa njia inayojulikana magharibi mwa Kenya, yaani kwaya ya kanisa na tamasha la muziki la shule. Wanausoma kwa solfa (noti zinazoandikwa kwa herufi: d, r, m), na kila baada ya miezi michache hukutana kusikiliza rekodi pamoja.

Jessye Norman, mwimbaji wa opera wa Marekani, alikuwa kipenzi chao kwa miaka mingi. Alizaliwa Augusta, Georgia, tarehe 15 Septemba 1945, akaanza kuimba kanisani akiwa mtoto mdogo. Alisoma Chuo Kikuu cha Howard, akashinda shindano la muziki la ARD mjini Munich mwaka 1968, na mwaka uliofuata akapanda jukwaa la jumba la opera la Deutsche Oper mjini Berlin kama Elisabeth katika Tannhäuser, opera ya Wagner. Metropolitan Opera ya New York ilimpokea mwaka 1983 katika Les Troyens, opera ya Berlioz. Hata hivyo, waimbaji wa Kisumu hawakumpendea majumba hayo. Walimpendea upana wa sauti yake, ambayo waimbaji wa sauti ya kwanza na wa sauti ya pili wote waliiona kuwa yao. Walimpendea pia nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, alizoziimba kwa heshima ile ile aliyompa Wagner.

Alifariki New York tarehe 30 Septemba 2019, akiwa na umri wa miaka 74.

Ugumu wa kisa hiki unaanzia hapo. Magharibi mwa Kenya msiba una mpangilio wake. Watu hufika bomani, hutoa pole kwa wafiwa, huchanga, huimba usiku kucha, huzika, na kila mmoja anaijua kazi yake. Kwa msanii aliyefia ng'ambo hakuna boma la kwenda, hakuna mfiwa wa kushikwa mkono, wala hakuna kaburi. Majonzi yapo na hayana mahali pa kuwekwa. Mashabiki wa namna hii mara nyingi huishia kutumiana video kwa siku mbili kisha wakanyamaza. Kikundi hiki kilikataa kuishia hapo.

Siku tatu za kwanza

Habari ilifika katika kundi la WhatsApp alfajiri ya Jumanne, tarehe 1 Oktoba. Ujumbe wa kwanza ulikuwa umesambazwa mara nyingi, hauna chanzo, na picha yake haikuwa ya Norman. Ilikuwa ya Kathleen Battle, mwimbaji mwingine mweusi ambaye mwaka 1990 alisimama jukwaa moja na Norman kwenye Carnegie Hall katika onyesho la nyimbo za kiroho. Battle yu hai. Kabla ya saa mbili asubuhi, picha ile ilikuwa imeshawekwa kama sura ya kundi na imesambaa kwenye makundi matatu ya kwaya.

Katibu alifanya jambo la busara. Aliomba watu wasisambaze chochote zaidi mpaka apate tamko la familia, akalipata, kisha akatoa tanzia fupi ya mistari sita yenye tarehe, mahali na umri. Picha ilibadilishwa mchana. Makundi ya nje hayakurekebishwa yote, na wiki mbili baadaye picha ya Battle ilikuwa bado inazunguka na maneno ya kumwombea marehemu.

Siku ya pili ikaja rekodi ya sauti yenye jina la Norman ambayo mwalimu mmoja aliisikiliza mara moja tu akasema, "Huyu ni Leontyne Price, jamani." Alikuwa sahihi. Price, mwimbaji mwingine mweusi wa opera, ana mng'ao mkali wa juu na mtetemo wa kasi. Norman ana giza na uzito katikati ya sauti, na pumzi ndefu inayovuka mstari ambao wengine huukata mara mbili.

Siku ya tatu mwanachama mmoja, kwa moyo mwema kabisa, alianzisha mchango wa rambirambi kwa nambari yake ya M-Pesa. Watu kumi na wawili walikuwa wameshatuma kabla mtu hajauliza pesa zinakwenda kwa nani.

Maamuzi na sababu zake

Kamati ya watu saba ilikutana Alhamisi. Pesa ndizo zilizojadiliwa kwanza, na uamuzi ulikuwa kurudisha kila shilingi, gharama ya kutuma ikabebwa na mfuko wa kikundi. Sababu ilikuwa nyepesi: rambirambi humfikia mfiwa, na hapa hapakuwa na mkono wa kuipokea. Ada mpya iliombwa kwa jina lake halisi, yaani gharama za hafla: ukumbi, mitambo, jenereta, kuchapa karatasi na chai. Mweka hazina alibandika hesabu kwenye kundi kila jioni.

Tarehe ilileta ubishi. Jumamosi ya 12 Oktoba ndiyo iliyotajwa kwanza, kwa kuwa ibada ya kumuaga Norman ilikuwa inafanyika Augusta siku hiyo. Mambo mawili yaliizuia. Waadventista, ambao ni zaidi ya robo ya kikundi, hawangeweza kubeba mitambo wala kufanya mazoezi siku ya Sabato. Pia asubuhi hiyo Eliud Kipchoge alikuwa anakimbia Vienna kutafuta kumaliza marathoni chini ya saa mbili, kuanzia saa tatu na robo kwa saa za Kenya, na mafundi wote wa spika waliojulikana mjini walikuwa wamekodishwa kwa ajili ya watazamaji. Ikachaguliwa Jumapili ya tarehe 13, saa tisa alasiri, baada ya ibada za makanisa kwisha.

Namna ya hafla ndiyo iliyofikiriwa kwa kina. Wapo waliotaka mkesha wa nyimbo kama matangani. Wengine walitaka ibada yenye mahubiri. Mwalimu mkongwe wa kwaya alishikilia kwamba anayelia mwimbaji kwanza amsikilize, kisha amwimbie, na maneno yaje mwisho. Kamati ilimfuata, ikapanga hivi:

1. Wasifu wa marehemu, dakika sita, ukisomwa na mtu mmoja.
2. Maombolezo ya Dido, malkia wa Carthage, kutoka opera ya Purcell, mwimbaji mmoja na kinanda.
3. Nyimbo mbili za kiroho, kwaya ya watu ishirini na wanne.
4. Nyimbo Nne za Mwisho za Richard Strauss kutoka kwenye rekodi, karibu dakika 25.
5. Kumbukumbu za waliohudhuria, dakika mbili kila mmoja.
6. Kuimba pamoja.

Rekodi iliyochaguliwa ni ile ya mwaka 1982, Norman akiwa na okestra ya Gewandhaus ya Leipzig ikiongozwa na Kurt Masur. Ni ya mwendo wa polepole sana. Wimbo wa nne peke yake unakaribia dakika kumi. Strauss aliziandika nyimbo hizi mwaka 1948, mwaka mmoja kabla ya kufa, na wa nne unamalizika kwa swali juu ya kifo. Kwa hafla hii hapakuwa na chaguo bora zaidi. Kila mgeni alipewa karatasi yenye maana ya mashairi kwa Kiswahili, imechapwa kwa herufi kubwa.

Wasifu ulipitiwa na watu wawili kabla ya kusomwa, na ulihitaji macho hayo. Rasimu ya kwanza ilisema Norman alianza Metropolitan kama Dido wa Purcell. Alianza kama Cassandra wa Berlioz. Dido wa Berlioz aliimba baadaye, na Dido wa Purcell ni opera nyingine ya karne ya kumi na saba. Kosa hili hutokea kirahisi kwa sababu hadithi ni moja, ya Troya na Carthage.

Wazo la kuonyesha video ya Paris, tarehe 14 Julai 1989, Norman amejifunika rangi za bendera ya Ufaransa akiimba wimbo wa taifa hilo, liliachwa. Madirisha ya ukumbi hayakuwa na mapazia na mwanga wa saa tisa ungeifuta projekta yoyote ya kukodi.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Walikuja watu tisini hivi. Hafla ilianza saa tisa na dakika thelathini na tano, kwa sababu ukumbi ulikuwa nusu tupu saa tisa kamili na kamati ikasubiri.

Wasifu ulisomwa vizuri. Maombolezo ya Dido yalianza vibaya: mpiga kinanda alikuwa ametoka kupiga ibadani asubuhi na kitufe cha kupandisha ufunguo kilikuwa kimebaki nukta (nusu-toni) mbili juu. Wimbo huu umeandikwa katika G ndogo, na kilele chake ni G ya juu pale Dido anapoomba akumbukwe. Ukipandishwa nukta mbili, kilele kinakuwa A. Mwimbaji alilitambua kosa kwenye kipimo (bar) cha pili cha utangulizi, wakati besi inashuka hatua kwa hatua (kwa solfa: l, se, s, fe, f, m). Akainua mkono, akamwambia mpiga kinanda kwa sauti ya chini, "Kaka, iko juu." Kitufe kikarudishwa sifuri, wakaanza upya. Mshuko huo wa besi una vipimo vitano na hujirudia mpaka mwisho wa wimbo, hivyo anayeanza vibaya ana nafasi nzuri ya kusimama mapema. Mwimbaji aliimba kwa utulivu mkubwa, na watu kadhaa walikuwa wanalia alipoketi.

Kwaya ilifuata. Nyimbo za kiroho zilikuwa zimeshushwa nukta tatu kutoka kwenye ufunguo wa Norman ili sauti za teno zisipige kelele juu. Hapa ukumbi ulifunguka. Wasiokuwa kwenye kwaya waliingia na sauti zao wenyewe katika ubeti wa pili bila kuombwa.

Rekodi ya Strauss ilianza saa kumi na dakika ishirini na tano. Matatizo yalikuja moja baada ya jingine.

Fundi alikuwa na spika mbili za juu na wufa (spika za besi) mbili, mikisa ikiwa imepangwa kwa ajili ya injili na rumba: besi juu, sauti za kati zimepunguzwa. Okestra ilisikika kama imefunikwa blanketi. Mwalimu mmoja alisogea mezani na kuomba wufa zizimwe na vitufe vyote vya ekwalaiza (vya kupunguza na kuongeza besi, sauti za kati na za juu) virudishwe katikati. Wimbo wa pili ukawa afadhali sana. Kompyuta ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa tundu la vipokea sauti, na kwa kuwa umeme ulikuwa wa jenereta, mngurumo wa chini haukukoma.

Wimbo wa tatu una sehemu ambapo mwimbaji hunyamaza na fidla moja inaimba peke yake, kisha sauti inarudi juu yake kwa ubeti wa mwisho. Fundi alidhani wimbo umekwisha, akashusha sauti. Walioijua rekodi walimpungia mikono, naye akairudisha wakati Norman ameshaanza.

Mvua ilifika saa kumi na dakika arobaini, wimbo wa nne ukiwa umeanza tu. Ukumbi ni wa mabati bila dari. Vuli ya mwaka 2019 ilikuwa na mvua kubwa kupita kiasi, na anayeishi Kisumu anajua wingu la ziwani huchagua saa gani. Fundi alipandisha sauti. Kwenye sehemu za chini mvua ilishinda, na kwenye kilele spika zikakwaruza. Mwishoni Norman anauliza lile swali la kifo, kisha okestra inaendelea peke yake kwa zaidi ya dakika moja: Strauss anarudisha kipande cha kazi yake ya ujanani, ya karibu miaka 60 nyuma, na filimbi zinatetema kama ndege wawili waliotajwa katika shairi. Mfawidhi wa hafla alisikia sauti ya mwimbaji imekoma, akachukua maikrofoni akawashukuru wote kwa kusikiliza. Makofi yakapigwa. Dakika ile ikapotea.

Kumbukumbu zilikwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Kengele ndogo ya mezani iligongwa dakika ya pili na hakuna aliyechukizwa, kwa kuwa kanuni ilikuwa imechapwa kwenye karatasi. Mama mmoja mwimbaji wa alto (sauti ya pili) alikuja na kaseti aliyonakiliwa na mwenzake chuoni mwanzoni mwa miaka ya tisini, majina ya nyimbo yameandikwa kwa kalamu ya buluu na mawili yamekosewa. Alieleza jinsi alivyojifunza mstari wa alto kwa kurudisha kanda nyuma kwa kalamu ili asimalize betri za redio. Akauimba mstari huo, vipimo vinane tu, na kwaya ikamjazia sauti zilizobaki.

Matangazo ya moja kwa moja mtandaoni yalikuwa yameshakatika. Mfumo uliitambua rekodi ya Strauss na kuinyamazisha video yote, hata sehemu za kwaya zilizofuata.

Matokeo

Hafla ilikwisha saa kumi na mbili kasoro robo. Gharama zilifidiwa na ada na kikabaki kiasi kidogo, kilichonunua nakala za solfa. Kitabu cha rambirambi kilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kutumwa kwa barua pepe kwenye shule ya sanaa ya Augusta yenye jina la Norman, iliyoanzishwa mwaka 2003. Wanachama wapya sita walijiunga, wote kwa sababu ya kwaya. Hakuna hata mmoja aliyetaja rekodi.

Kilichofaa na kilichokwama

Uamuzi wa kurudisha pesa uliokoa kikundi. Mchango usio na mpokeaji huzaa maswali hata pale ambapo kila mtu ni mwaminifu, na maswali hayo yangekuja yamechanganyika na majonzi. Kutofautisha rambirambi na gharama za hafla, kwa jina na kwa hesabu, kulimaliza suala hilo ndani ya siku moja.

Kuthibitisha kabla ya kutangaza kulifaa nusu. Tamko lilisubiriwa, lakini picha haikuthibitishwa kwa bidii ile ile. Picha inahitaji hatua yake: itafutwe kwenye ukurasa rasmi wa jumba la opera au kampuni iliyotoa rekodi, na ilinganishwe na picha ya pili ya mtu huyo huyo kabla haijatoka. Kwa waimbaji weusi wa opera jambo hili ni la heshima hasa, kwa sababu wamechanganywa wao kwa wao maisha yao yote. Kumlia mmoja kwa uso wa mwingine ni kuwakosea wote wawili.

Kosa kubwa la hafla lilikuwa mpangilio wa saa. Kamati iliweka usikilizaji mwishoni mwa alasiri ili uwe kilele, ikasahau kwamba mwezi wa Oktoba mvua ya Kisumu hupenda saa kumi na saa kumi na moja. Kuianza rekodi saa tisa kamili pia si dawa, kwa kuwa wanaochelewa wangeingia katikati ya wimbo wa kwanza wakivuta viti. Mpangilio unaofaa ukumbi kama huu ni kwaya iimbe saa tisa kamili, hata kama viti ni vitupu, kwa maana uimbaji huvuta watu ndani. Milango ifungwe saa tisa na dakika ishirini, Strauss aanze papo hapo na kumalizika kabla ya saa kumi kasoro dakika kumi. Wasifu na kumbukumbu vinaweza kushindana na mvua kwa maikrofoni; sauti ya chini ya Norman haiwezi.

Mitambo nayo ilikosewa kwa kuachwa kwa fundi peke yake. Fundi alikuwa mzuri kwa kazi anayoijua. Rekodi ya opera ina umbali mkubwa kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa, wakati rumba ya kisasa hukaa karibu usawa mmoja. Anayepandisha ili asikie ya chini atakwaruza kwenye ya juu. Maandalizi yake ni haya: wufa zizimwe, ekwalaiza ikae katikati yote, spika ziinuliwe juu ya vichwa vya waliokaa, mita mbili hivi, ichezwe kwanza sehemu kali kuliko zote, yaani mwanzo wa wimbo wa nne ambapo okestra inaanza yote kwa pamoja, na kiwango kipangwe hapo mpaka spika ziwe safi. Baada ya hapo kitufe kisiguswe tena. Rekodi itoke kwenye diski au faili kamili, kamwe isiwe ile iliyopitia WhatsApp. Kompyuta iunganishwe kwa kisanduku cha kutenganisha waya ili mngurumo wa jenereta usipite, au itumie betri yake yenyewe bila kuchomekwa kwenye umeme. Jenereta iwe nyuma ya jengo jingine. Intaneti izimwe.

Mtu anayeijua rekodi aketi kando ya fundi akiwa na karatasi ya dakika: fidla peke yake, sauti inarudi, sauti inakoma, okestra inakoma. Mfawidhi apewe nakala hiyo hiyo na aambiwe wazi kwamba baada ya neno la mwisho la Norman anakaa kimya mpaka mwenye karatasi ainue mkono. Kazi ya mtu huyu haigharimu chochote, na ingeokoa fidla ya wimbo wa tatu na mwisho wa wimbo wa nne. Kwa maoni ya uchambuzi huu, hilo ndilo pengo lililoumiza hafla kuliko hata mvua.

Kinanda kina dawa fupi: kabla ya kila wimbo, mpiga kinanda atazame kioo aone kitufe cha kupandisha kiko sifuri, kisha ampe mwimbaji noti ya kwanza peke yake.

Kuhusu matangazo ya mtandaoni, sheria ya Kenya inalinda muziki kwa miaka 50 baada ya mwaka aliokufa mtunzi, na rekodi kwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Purcell alikufa mwaka 1695 na Strauss mwaka 1949, kwa hiyo kwaya au mwimbaji yeyote wa Kisumu anaweza kuimba tungo zao bila shida. Rekodi ya mwaka 1982 bado ina wenyewe. Kuicheza ukumbini kunahitaji leseni ya muziki wa hadharani, na kuirusha mtandaoni ni jambo la tatu, lenye ruhusa yake. Njia salama ni kurusha wasifu, kwaya na kumbukumbu, kuzima matangazo kabisa kabla ya rekodi, na kufungua matangazo mapya baadaye, ili mfumo ukinyamazisha kimoja kingine kibaki.

Mama wa kaseti hakuwemo kwenye ratiba. Kamati ilikuwa imetenga dakika ishirini za kumbukumbu ikiziona kama kijazio, na zikawa ndizo watu walizozitaja zaidi kwenye kundi wiki nzima. Kikundi kingine kitakachofanya hafla ya aina hii kiombe watu waje na vitu vyao: kaseti, karatasi za solfa zilizochakaa, programu za tamasha la shule. Meza moja kando ya picha inatosha, pamoja na mtu wa kuandika jina la mwenye kila kitu ili kirudi kwake salama jioni.

Kikundi kimeamua kuirudia rekodi ya Strauss nzima, mpaka okestra inyamaze, kwenye sebule ya mwanachama mwenye nyumba ya dari, watu wasiozidi kumi na watano kwa zamu, ili waliohudhuria tarehe 13 wapate dakika waliyoikosa.